UZI: Nani huandika ajenda ya baraza? Somo la Piny Owacho

1/ Kila bajeti ya kaunti ikifika, ubishi ni uleule. "Wananchi walishirikishwa." "Walishirikishwa wapi?" Kabla hatujarushiana maneno, turudi Nyanza ya 1921.

2/ Mwaka 1920 Kenya ilifanywa koloni. Kodi ya kibanda ilikuwa imepanda, wanaume wanabebeshwa kipande, vijana wanachukuliwa kazi kwa nguvu. Kambi za vibarua zilikuwa Yala, Nyahera na Pap Onditi. Watu wa Sondu, Pap Onditi mnaijua, ni hapo tu Nyakach.

3/ Desemba 1921, watu kwa maelfu wakakutana Lundha, Gem. Haukuwa mkutano wa DC. Walioitisha ni vijana waliosoma misheni, wengi Maseno. Harakati ikaitwa Piny Owacho, yaani "nchi imesema". Jina lilikuwa ngao pia. Mkoloni akiuliza nani amesema, jibu ni piny. Sasa atamfunga nani?

4/ Madai yao: kipande kiondoke, kodi ishuke, kambi zifungwe, watu wapewe hati za ardhi, hadhi ya koloni ifutwe. Julai 1922 gavana mwenyewe akaja kuwasikiza Nyahera. Kambi zikafungwa.

5/ Halafu? 1923 mmishenari wa Kianglikana, Askofu Msaidizi hakuwa, ni Archdeacon Owen, akawa rais wa chama. Jina likageuka: Kavirondo Taxpayers' Welfare Association. Tumpe haki yake, Owen alipinga kazi ya kulazimishwa waziwazi. Lakini baraza likawa kamati na barua. Ajenda ikawa kuchimba vyoo, kupanda miti, kuua panya. Mambo mazuri, ila swali la nani anatawala likawekwa kando.

6/ Leo Katiba ya 2010, Kifungu cha 1, inasema mamlaka yote ni ya wananchi, na wanaweza kuyatumia moja kwa moja. Sheria tunayo. Lakini Lundha watu walikuja na madai yao. Ukumbini leo unakuta kitabu kinene kimeshaandikwa, unapewa dakika chache, unasaini karatasi ya mahudhurio.

7/ Lundha nayo haikuwa kamilifu, walioongoza ni wanaume wasomi. Leo soko la Sondu liko mpakani mwa Kisumu na Kericho. Mama mboga ana wateja pande zote mbili, ila kila kaunti inapanga bajeti kivyake. Hapo piny ni nani?

8/ Basi ukisikia "wananchi wameamua", uliza matatu: Nani aliita mkutano? Nani aliandika ajenda? Watu wakikataa, kuna kitu kinabadilika? Kama majibu yote yako ofisi moja, piny haijasema. Imesomewa tu.

Wa Nyakach na wa Kericho, mkutano wa mwisho kuhusu soko mliitwa lini? Semeni hapo chini.