Kadi mfukoni, hisa kwa wenzetu

Boom limeingia Jumatano, na mimi kama kila mtu hapa campus nimepanga foleni ya ATM karibu saa nzima. Nikiwa pale nikawa naangalia nembo ya Visa kwenye kadi yangu, nikajiuliza: hivi haya makato ya kadi, faida yake anakula nani? Nikarudi room nikaanza kuchimba. Nilichokikuta kimenirudisha mpaka kwetu Rahaleo, Mtwara, mwaka 2008.

Tuanzie mbali kidogo. Kadi hii ilizaliwa 1958 mjini Fresno, California, ikiitwa BankAmericard. Jina la Visa likaja 1976. Kwa miaka mingi Visa na Mastercard zilikuwa kama ushirika wa mabenki. Fikirieni chama cha msingi cha korosho, ila wanachama ni benki tupu. Mtu baki hakuweza kununua hisa. Mastercard ikaingia sokoni Mei 2006 kwa dola 39 kwa hisa, Visa ikafuata Machi 2008 kwa dola 44.

Sasa utamu uko hapa: hawa jamaa hawakopeshi mtu. Anayekopesha ni benki, na usipolipa ni benki inayolia. Visa ina barabara tu ya kupitishia malipo, na kila yakipita inachukua ushuru wake mdogo. Mwaka 2015 kila hisa ikagawanywa kuwa nne, na 2025 kila kipande kilipita dola 300. Aliyenunua moja kwa dola 44 akatulia, alifikisha zaidi ya 1,200.

Najua mtasema, Fresno na Rahaleo wapi na wapi? Kweli, mtu wa kwetu wakati ule asingeweza kirahisi kupeleka hela New York, sheria zetu za fedha za kigeni zilikuwa zinabana. Lakini mwaka ule ule wa 2008 mlango ulifunguliwa hapa hapa nyumbani. Serikali iliuza kwa wananchi asilimia 21 ya NMB, hisa milioni 105, kwa shilingi 600 kila moja. Novemba zikaanza kuuzwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Mwaka 2009 ikaja CRDB kwa shilingi 150. Hizo ndizo benki zilizotugawia kadi watu wengi wa Mtwara.

Mjomba wangu wa Rahaleo aliisikia habari hiyo. Alikuwa na laki tatu, akiba ya korosho. Angepata hisa 500. Yeye akanunua bati. Likizo iliyopita nilimuuliza kwa nini, akacheka: "Mwanangu, hisa inazuia mvua?"

Na mimi nilicheka, lakini nikaendelea kusoma nikaona mjomba hakuwa mjinga. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, mabenki yalitaifishwa yakawa NBC moja. Tangu hapo mpaka Aprili 1998, lilipofunguliwa soko la hisa na kampuni ya kwanza ikiwa TOL, ni miaka 31. Mjomba alizaliwa, akasoma, akaoa na kupata watoto katika nchi isiyokuwa na soko la hisa. Nani angemfundisha?

Halafu kuna ya kwetu wenyewe. Waingereza walikuja na mpango wa karanga mwaka 1947. Ikajengwa bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Mwaka 1951 mpango ukafa, na 1962 reli ikafungwa, mataruma yakang'olewa. Bibi aliyaona yote hayo. Nyumba iliyolelewa na bibi wa namna hiyo haikimbilii karatasi, inaamini bati.

Ila hesabu ni hesabu. Mwaka 2024 hisa ya NMB ilipita shilingi 5,000. Zile 500 zingekuwa zaidi ya milioni mbili na nusu, na hapo sijagusa gawio. Shilingi nayo ilishuka thamani katikati, lakini hata ukilitoa hilo, faida inabaki nono.

Msije mkaniambia nimewadanganya, hisa si korosho za kuokota chini ya mti. Vodacom Tanzania, wenye M-Pesa ambayo kwetu inafanya kazi ya kadi, walipouza hisa 2017 bei ilikuwa shilingi 850, na miaka iliyofuata zikashuka chini ya hapo. Ndiyo ule msimu korosho zilipita 4,000 kwa kilo mnadani na hela zikawa nje nje. Aliyenunua akitegemea kuuza haraka aliisoma namba.

Mimi nilichojifunza ni kwamba historia ilimnyima mjomba miaka 31 ya kujifunza. Mimi haijaninyima. Kila boom ninaingia foleni, nakatwa, natoka, halafu najiita msomi wa chuo kikuu. Mjomba angalau ana bati, na bibi hakunyeshewa. Mimi mwisho wa semester nabaki na nini? Chipsi mayai!

Haya, nimemaliza. Wewe boom la mwaka jana limekuachia nini? Tukutane vimbweta tubishane.