Kengele Iliyolia Ndani Tu

Alasiri ya tarehe 1 Desemba 1958, moto ulizuka kwenye pipa la taka chini ya ngazi za shule ya Kikatoliki ya Our Lady of the Angels, upande wa magharibi wa jiji la Chicago. Watoto 92 na watawa 3 walipoteza maisha. Msiba huo husimuliwa zaidi kwa ngazi zake za mbao na jengo lake kuukuu, lililosamehewa kanuni mpya kwa sababu ya umri wake. Ni kweli, na wiki chache tu kabla ya hapo mkaguzi wa jiji alikuwa amelipitisha. Ila kuna jambo linalotajwa kwa haraka mno: shule ile ilikuwa na kengele ya moto. Swichi zake zilikuwa mbili tu, zote upande wa kusini, na kwa utaratibu wa shule aliyeruhusiwa kuipiga ni mkuu peke yake. Siku hiyo mkuu alikuwa darasani, ameshika nafasi ya mwalimu asiyekuwapo. Waliogundua moshi walimtafuta ofisini wasimwone, wakaamua kuwatoa wanafunzi wao kwanza. Swichi ilipovutwa mara ya kwanza, kimya. Iliporudiwa baadaye ndipo kengele ikalia. Na hata ilipolia, ililia humo humo ndani, kwa kuwa waya wake haukufika kituo cha zimamoto. Taarifa ilipelekwa kwa simu, saa 8:42 mchana, wakati korido za ghorofa ya juu zimeshajaa moshi na madarasa yamegeuka mitego.

Ninachosema ni kwamba katika misiba mingi ya aina hii chombo cha kuonya kilikuwapo. Waliokosekana ni watu waliokabidhiwa kukijaribu kutoka ofisini hadi pembe ya mwisho ya jengo, na waliopewa ruhusa ya kukitumia bila kumngoja mkubwa. Baada ya 1958 Marekani ilijifunza somo hili kwa upande wa moto. Ving'ora vya shule za Chicago viliunganishwa na zimamoto, mazoezi ya kutoka nje yakatiliwa mkazo, na kengele ya moto ikawa kitu cha kukaguliwa kwa sheria. Spika za matangazo zilifuata njia nyingine. Ziliingia shuleni kama chombo cha utawala: mkuu anatangaza ratiba, anamwita mwanafunzi, anasoma matokeo ya mchezo. Chombo kama hicho spika yake moja ikifa, hakuna anayeona hasara; tangazo la mchezo litasikika kesho. Sura kamili ya mawasiliano ya dharura iliingia katika kanuni za taifa za ving'ora, NFPA 72, katika toleo la 2010. Kwa miongo mingi, basi, sauti iliyotegemewa kuokoa watoto ilitunzwa kama pambo la ofisi.

Gharama ya uzembe huo ilionekana tarehe 14 Februari 2018 katika shule ya Marjory Stoneman Douglas, mjini Parkland, Florida, walipouawa watu 17 kwa risasi. Risasi ziliposhtua kengele ya moto, wanafunzi wa ghorofa ya tatu walitoka koridoni kama walivyofundishwa kufanya moto unapozuka. Amri ya kujifungia madarasani haikutangazwa kwa wakati, na tume ya jimbo iliyochunguza ilibaini kwamba koridoni hamkuwa na spika. Kengele iliyotunzwa ilifanya kazi yake barabara, ikawatoa watoto penye usalama. Sauti ambayo ingewarudisha haikuwa na pa kutokea. Kisha katika shule moja ya Uvalde, Texas, tarehe 24 Mei 2022, watoto 19 na walimu 2 waliuawa kwa risasi. Kamati ya bunge la jimbo iliandika kwamba tahadhari ilipelekwa kwa programu ya simu iliyokwamishwa na intaneti dhaifu, ilhali intakomu ya shule haikutumiwa. Iliandika pia kwamba kitasa cha darasa moja kilijulikana kuwa kibovu na hakuna hati ya matengenezo iliyotolewa.

Wako watakaopinga kwamba spika haizuii risasi, na kwamba pesa za spika zingefaa zaidi kwa milango imara na walinzi. Hoja ina uzito. Lakini mlango imara hauna faida kama mwalimu aliye ndani hajui kuwa wakati wa kuufunga umefika, na mlinzi mmoja hawezi kupiga mbio kuwaambia walimu 40 kwa zamu. Wengine husema simu za mkononi zimemaliza haja ya nyaya ukutani. Uvalde imewajibu. Pingamizi gumu kuliko yote pia linatoka huko: tahadhari zilikuwa zimetolewa mara nyingi mno miezi ile, nyingi zikihusu magari yaliyokuwa yakikimbizwa na polisi karibu na mpaka, hadi watu wakazizoea. Chombo kinacholia kila siku huwafanya watu viziwi, na hapo fundi hana dawa. Anayeweza kutibu ni uongozi, kwa kutofautisha kwa sauti na kwa maneno onyo la gari linalofukuzwa mtaani na onyo la mtu mwenye silaha aliye uani.

Na kwa shule zetu? Mwaka 2001 wavulana 67 walikufa kwa moto katika bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, Kenya, mlango mmoja ukiwa umefungwa na madirisha yakiwa na nondo. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa Kenya mwaka 2008 unataka mabweni yawe na ving'ora pahali panapofikika kwa urahisi. Nasikia mara nyingi kwamba shule ya kijijini haina uwezo huo. Rimu ya gari iliyotundikwa kwenye mwembe haigharimu kitu, lakini nayo inataka yale yale: nyundo isiyohamishwa, mlio wa hatari usiofanana na ule wa mapumziko, na mtu wa kusimama usiku nyuma ya bweni la mbali, milango imefungwa, asikilize kama unafika. Shule yenye spika 60 iongeze betri ya akiba, inayojaribiwa kwa kuzima umeme kweli, na daftari ambamo spika iliyokufa Jumatatu inaandikwa pamoja na jina la fundi atakayeitengeneza na tarehe aliyopewa.