Laptopu Yako Haikurogwa: Historia ya Chipu Zilizokufa Mapema

Wasee, nianze na usiku mmoja wa Ijumaa kejani, saa saba na kitu. Nilikuwa namalizia video ya harusi, na mteja alikuwa anaitaka Jumamosi saa nne asubuhi. Feni ya lapi inalia kama bodaboda inapanda mlima. Ghafla skrini ikachora mistari ya kijani na zambarau, ikaganda, halafu ikawa nyeusi tii. Nikazima, nikawasha. Taa ya pawa inawaka, feni inazunguka, picha hakuna.

Hiyo lapi mamangu aliinunua na mkopo wa chama nikiwa mwaka wa kwanza kampasi. Ilikuwa ex-UK, tayari ilikuwa imetumika huko miaka kadhaa kabla ifike Nairobi. Mwaka wa pili karo iligoma, nikaacha masomo. Lapi ndiyo ilibaki, na ndiyo ilikuwa inalipa rent. Kwa hivyo ikizima, si mashine tu imezima.

Jumamosi asubuhi nikakimbia Luthuli. Fundi akaichungulia dakika mbili, akasema, "Kijana yangu, hii ni chipu ya grafiki. Nikuchomee?" Shilingi 2,500. Akaipuliza na hewa moto, ikawaka, nikamshukuru kama daktari. Video nikapeleka jioni, mteja akakata bei nusu. Wiki sita baadaye, mistari ileile. Nikachomewa tena, 2,500 nyingine. Hiyo ilidumu siku kumi na moja.

Nilipomwambia mamangu, aliuliza swali moja tu: "Huyo fundi anaitengeneza, ama anakukodishia?"

Swali hilo lilinikalia. Nikaanza kusoma, na kumbe hii shida yangu ina historia ndefu, yenye mabilioni ya pesa ndani. Wacha niwaeleze, kwa sababu kuna lapi za mitumba mtaani zilizopita kwenye hii hadithi ama zilizo karibu nayo.

Tuanze Ulaya. Tarehe 1 Julai 2006, sheria ya Umoja wa Ulaya inayoitwa RoHS ilianza kufanya kazi. Ilibana matumizi ya risasi, yaani ile madini ya lead, kwenye vifaa vya umeme. Risasi ni sumu, na vifaa vikitupwa inaingia kwenye udongo na maji. Lakini kwa miaka mingi lehemu ya kuunganisha chipu na bodi ilikuwa mchanganyiko wa bati na risasi. Viwanda vikalazimika kubadilisha, na lehemu mpya isiyo na risasi huyeyuka kwa joto la juu zaidi na ni ngumu zaidi, haipindiki kirahisi.

Karibu wakati huohuo mashine za michezo na laptopu zilianza kufa ovyo. Xbox 360 ilitoka Novemba 2005, na watu wakaanza kuona taa tatu nyekundu. Julai 2007 Microsoft ikaongeza waranti ya tatizo hilo hadi miaka mitatu na kutenga zaidi ya dola bilioni moja kulilipia. Bilioni, wasee. Mtaani na kwenye mitandao jibu likawa moja: ni lehemu mpya, Ulaya ndiyo imetuharibia. Na hapo ndipo dawa ya kuchoma ilipopata umaarufu. Ukiamini lehemu imepasuka chini ya chipu, basi ipashe moto iyeyuke, ijishike tena. Kuna watu waliweka bodi kwenye oveni ya jikoni. Si mzaha, walitoa keki wakaingiza mazabodi.

Halafu ikaja 2008. Tarehe 2 Julai mwaka huo, Nvidia ilitangaza kwamba itatenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa sababu baadhi ya chipu zake za laptopu zilikuwa zinakufa kuliko kawaida. Walisema shida ni udhaifu wa vifaa vilivyotumika kufungasha chipu, ikichanganyika na jinsi laptopu zenyewe zilivyoundwa kutoa joto. Siku iliyofuata hisa zao zilianguka karibu thuluthi moja. Oktoba, Apple nayo ikatangaza kwamba MacBook Pro zenye chipu ya GeForce 8600M GT zinaweza kuathirika, na ikaahidi kuzirekebisha bure.

Sasa hapa ndipo mahali watu wengi hupitwa, kwa hivyo tulieni.

Chipu ya grafiki ina viungo vya aina mbili. Kuna kile kipande kidogo cha silikoni kinachong'aa juu. Kimekalia kibao kidogo cha kijani, kikishikwa na matone madogo sana ya lehemu, mamia kwa maelfu. Halafu hicho kibao kimekalia mazabodi, kikishikwa na mipira mikubwa kidogo ya lehemu. Ghorofa ya juu na ghorofa ya chini. Katikati ya yale matone ya juu huwekwa gundi maalum ya kuyashikilia.

Ukiwasha lapi, kila kitu kinapata joto na kutanuka. Silikoni hutanuka kidogo sana, kibao hutanuka mara kadhaa zaidi. Ukizima, vyote vinarudi. Chukua waya wa hanga uukunje na kuukunjua, kunja, kunjua. Mwanzo hakuna kitu. Mara ya hamsini, tap, umekatika. Yale matone ndiyo huo waya, na kila ukiwasha na kuzima umekunja mara moja.

Charlie Demerjian, mwandishi wa The Inquirer wakati huo, alifuatilia hii kesi na kueleza kwamba uharibifu wa chipu za Nvidia ulikuwa kwenye matone ya ghorofa ya juu, na kwamba gundi yake ilikuwa inalainika kwenye joto la kawaida la kazi. Gundi ikilainika, mzigo wote unabebwa na matone. Na hapa kuna kichekesho: matone hayo yalikuwa na risasi nyingi ajabu. Sheria ya Ulaya iliyaruhusu, yalikuwa kwenye orodha ya vitu vilivyosamehewa. Kwa hivyo ile hadithi ya mtaani kwamba kukosa risasi ndiko kuliua kila chipu, hapa haikai.

Sasa piga hesabu ya fundi wangu. Lehemu isiyo na risasi huyeyuka karibu nyuzi 217. Matone yenye risasi nyingi huyeyuka juu ya nyuzi 300. Ukipuliza bodi kwa joto la kuyeyusha mipira ya chini, matone ya juu hayajaguswa. Oveni ya nyuzi 200 haiyeyushi hata ya chini! Mbona basi lapi huwaka? Kwa sababu joto hutanua na kusukuma vitu, na ufa uliokuwa wazi unagusana tena. Umeme unapita. Lakini ufa bado uko. Baada ya siku kadhaa za kuwasha na kuzima, unafunguka.

Mamangu alikuwa amesema ukweli bila kusoma chochote. Nilikuwa nakodishiwa.

Historia haikuishia hapo. Wamarekani walienda kortini, na Desemba 2010 makubaliano kati yao na Nvidia yakaidhinishwa. Wenye baadhi ya modeli za Dell na Apple walirekebishiwa. Wenye HP walipewa laptopu mbadala, na wengi walilalamika kwamba walitoa mashine ya bei kali wakapewa ya bei ya chini. Halafu MacBook Pro za 2011, safari hii zikiwa na chipu za AMD, zikaanza kuchora mistari. Wenyewe walipiga kelele miaka mitatu na zaidi, wakashtaki 2014, na Februari 2015 Apple ikafungua mpango wa kuzitengeneza bure na kurudishia pesa waliokuwa wamejilipia. Mpango ukafungwa mwisho wa 2016.

Angalia hizo tarehe vizuri. Makubaliano ya Nvidia yalikuwa ya watu walionunua Marekani. Mipango yote ilikuwa na mwisho. Lapi inafanya kazi ofisini huko miaka minne, mitano, inauzwa, inapanda meli, inashuka Mombasa, inafika Moi Avenue ikiwa imepanguswa inang'aa. Waranti ilikufa baharini, lakini ufa haukufa. Aliyeinunua mpya alikuwa na korti. Mimi nilikuwa na 2,500.

Nilirudi mjini nikatafuta fundi mwingine, mzee kidogo, nikamweleza haya yote nikidhani nitamshangaza. Akacheka. "Najua haikai. Lakini mteja akija na elfu mbili, nikimwambia bodi ni elfu kumi na tano, anaenda kwa jirani anachomewa. Sasa mimi nitakula nini?"

Sikuwa na jibu, na bado sina. Siwezi kumwita mwizi. Lakini nadhani kuna sentensi moja tunastahili kuambiwa kabla ya kulipa: hii itakupa muda, haitapona. Ningeambiwa hivyo mara ya kwanza, nisingelipa mara ya pili.

Kwa hivyo, kutoka kwa mtu aliyepoteza 5,000 na nusu ya pesa ya harusi:

Ukiona mistari, unganisha lapi na TV ama skrini ya nje. Huko nje picha ikiwa safi, huenda ni waya ama skrini tu, na hiyo ni bei ndogo. Mistari ikitokea pote, shuku chipu.

Usilie kuhusu faili. Grafiki ikifa, diski mara nyingi ni nzima. Itolewe, isomwe kwa mashine nyingine.

Ukikubali kuchomewa, tumia hizo siku kuhamisha kazi zako zote. Na lapi ikiwa na grafiki mbili, angalia kama mipangilio yake inakuruhusu kuzima ile kubwa ubaki na ile ndogo ya ndani ya prosesa.

Ukinunua mtumba, cheza video nzito dukani nusu saa kabla ya kutoa pesa. Muuzaji akikasirika, ondoka.

Mimi nilifanya hivyo. Mara ya tatu yule mzee alinichomea kwa 1,000, nikanakili kila kitu usiku huohuo, nikazima chipu kubwa. Huu ni mwezi wa nane. Video iliyokuwa inatoka kwa dakika ishirini sasa inachukua saa moja na nusu, kwa hivyo wateja nawaambia mapema. Ile pesa ya chama mamangu alimaliza kulipa Machi. Yako ilizima ikiwa na miaka mingapi, na ulilipa mara ngapi kabla ya kuambiwa ukweli?