Mtumishi Asiyejua Alipo

Chombo chenyewe chatoshea katika kiganja cha mtoto: kijisanduku cha plastiki ya buluu, uzito wake gramu 9, chenye nyaya tatu zilizoambatana mfano wa utepe, na juu yake kijiti cheupe chenye meno ambacho hupachikwa mkono au gurudumu. Wauzaji wa vifaa vya elektroniki hukiita servo ndogo, na nduguye, ambaye kwa sura ni yeye yule lakini kwa tabia ni mbali naye, huitwa servo ya kuzunguka mfululizo. Wa kwanza, akiamriwa, hugeuka hadi pembe aliyoambiwa na kusimama hapo kwa adabu. Wa pili huzunguka asikome mpaka amri ibadilike au betri ikatike. Wanagenzi wa roboti humpenda huyu wa pili kwa kuwa huwapa magurudumu kwa bei nafuu, wala aghalabu hawaulizi ilikuwaje chombo kilichobuniwa makusudi ili kijue mahali pake kikaja kupendwa kwa kutopajua.

Asili ya jambo hili ni baharini, tena katika zama za mvuke. Maadamu merikebu zilikuwa za kiasi, mikono ya watu iliweza kuutawala usukani. Lakini vyombo vya chuma vilipozidi kukua, nguvu za maji zikaishinda mikono hiyo. Mfano ulio dhahiri ni Great Eastern, merikebu aliyoibuni Isambard Kingdom Brunel, urefu wake futi 692, iliyoshushwa majini mwaka 1858, na ambayo Septemba 1861 ilikumbwa na tufani katika Atlantiki, usukani wake ukavunjika, ikabaki kuchezewa na mawimbi kama kifuu. Miaka michache baadaye, mwaka 1867, merikebu hiyo ilitiwa mashine ya mvuke ya kugeuzia usukani, kazi ya mhandisi John McFarlane Gray. Na ajabu ya mashine ile haikuwa nguvu zake, kwani nguvu mvuke ulikuwa nazo tangu hapo, bali utiifu wake. Mshika usukani alipozungusha gurudumu lake, vali ilifunguka na mvuke ukaingia kazini, lakini kadiri usukani ulivyogeuka ndivyo mwendo wake wenyewe ulivyorudi kuifunga vali ile ile, hata ulipofika palipotakwa mvuke ukakatika bila mtu kuukataza. Kazi ilikuwa ikileta habari zake yenyewe, na habari hizo ndizo zilizoizuia isipite mpaka.

Huko Ufaransa Joseph Farcot, naye bingwa wa mashine za mvuke, alikuwa akiifuata shabaha hiyo hiyo, na mwaka 1873 alichapisha mjini Paris kitabu alichokiita Le servo-moteur ou moteur asservi. Neno hilo servo asili yake ni Kilatini, ambamo servus ni mtumwa. Msomaji wa pwani hawezi kupita hapa bila kusita kidogo, maana mwaka huo huo wa 1873, mwezi wa Juni, Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa katika milki yake; basi jina lililokuwa likivuliwa, walau kwa karatasi, kutoka migongoni mwa watu wa huku kwetu, huko Paris lilikuwa likivikwa mashine. Sidai kwamba mambo haya mawili yalijuana. Lakini mimi, kwa sababu hiyo, hupendelea kusema mtumishi.

Miaka mingi iliyofuata naipita mbio, kwa kuwa ni habari ya mizinga na manowari, na ya wanazuoni kama Harold Hazen wa chuo cha MIT, ambaye mwaka 1934 aliiandikia mashine hizi nadharia yenye hesabu kamili. Yaliyotufikisha kwenye kijisanduku chetu ni mapenzi ya ndege za kuchezea. Zile za mwanzo zilizoongozwa kwa redio aghalabu zilibeba kifaa kilichoendeshwa na mpira uliosokotwa, na kila ishara iliyofika kutoka ardhini iliufungulia mpira ule hatua moja tu, usukani ukaruka kutoka katikati hadi kushoto au kulia, pasipo kiasi. Katika miaka ya 1960 Wamarekani Doug Spreng na Don Mathers walikuwa miongoni mwa waliouleta utaratibu mpya, ambao ndani yake urefu wa mpigo wa umeme ndio uliokuwa ujumbe. Utaratibu huo haujabadilika sana hadi leo: mpigo wa milisekunde 1.5 maana yake ni katikati, wa milisekunde 1 ni upande mmoja, wa milisekunde 2 ni upande wa pili, na amri hurudiwa takriban mara 50 kwa kila sekunde, kama mzee asiyeamini kwamba amesikiwa.

Walipotokea watu waliotaka kuunda roboti nyumbani, waliona katika servo hizi hazina iliyofichika. Mota tupu ni mbio nyingi na nguvu chache; huhitaji gia za kuipunguzia mwendo, na saketi ya kuigeuza mbele na nyuma. Servo ilikuwa na vyote hivyo ndani ya sanduku moja, isipokuwa ilikataa kuzunguka hata duara moja kamili. Ndipo hila ikazuka.

Nimeifanya hila hiyo kwa mikono yangu. Parafujo ndefu za chini hufunguliwa, kifuniko cha juu huvuliwa, na gia za plastiki huonekana zimepandana kama vikombe kabatini. Gia ya mwisho ina kinundu kisichozidi punje ya mchele, ambacho kazi yake ni kugota ili kijiti kisipite mpaka wake. Kinundu hukatwa kwa kisu kikali na mahali pake kulainishwa kwa msasa. Chini ya gia hiyo mna potenshometa, iliyounganishwa na kijiti hata kikigeuka nayo hugeuka, na voltiji itokayo humo ndiyo iiambiayo saketi kwamba mkono umefika hapa au pale. Potenshometa huondolewa, na badala yake hulehemiwa rezista mbili zilizo sawa sawa, ambazo daima dumu husema neno moja: tupo katikati. Basi ikija amri ya kwenda upande, saketi huilinganisha na habari iliyonayo, huona safari bado, huisukuma mota. Kisha huuliza tena, nayo hujibiwa yale yale, kama msafiri aendaye Bagamoyo ambaye kila amwulizaye njiani humwambia kuwa yuko Saadani bado. Na kadiri amri inavyokuwa mbali na katikati ndivyo kasi inavyozidi, mpaka ukomo wake. Mpigo uliokuwa na maana ya pembe ukawa na maana ya mwendo.

Kutoka hapo viwanda vikaona heri viuze servo zilizokwisha kudanganywa. Kampuni ya Parallax ya California, iliyotoa kompyuta ndogo ya BASIC Stamp mwaka 1992, ilikuja kuuza roboti iitwayo Boe-Bot iliyotembea kwa servo mbili za namna hii, na wanafunzi wengi walijifunza kwamba namba 750 ni kusimama, 850 ni kwenda upande mmoja kwa kasi, na 650 ni upande wa pili, kila namba ikiwa hesabu ya sehemu mbili za milioni za sekunde. Baadaye ikaja Arduino, kompyuta ndogo nyingine iliyozaliwa Ivrea nchini Italia mwaka 2005, na programu yake ya servo ilivyokuwa imetungwa kwa ajili ya pembe, hadi leo mwanagenzi huandika digrii 90 akitaka gurudumu lisimame. Ni masalia ya lugha hayo, na mimi huyapenda, ingawa huwatatiza wengi.

Mtumishi huyu ana taksiri zake. Ukitaka kujua gurudumu limekwenda shibri ngapi, sharti ulitilie jicho jingine la kuhesabu mizunguko, yaani umrudishie kwa mlango wa nyuma elimu uliyomnyang'anya. Kadhalika servo mbili zikifungwa kushoto na kulia hutazamana migongo, kwa hiyo amri moja huzipeleka pande mbili. Roboti yangu ya kwanza, niliyoiandalia safari ya kutoka meza moja hadi mlango, ilizunguka papo hapo kama pia huku wajukuu wa jirani wakishangilia.

Lakini kilichonishughulisha zaidi ni kule kusimama. Nilituma milisekunde 1.5 barabara, na gurudumu la kushoto likaendelea kutambaa, kwa sababu katikati ya saketi na katikati yangu hazikuwa mahali pamoja. Chini ya servo hiyo palikuwa na tundu, na ndani yake kiparafujo cha kusawazishia. Nikatia bisibisi ya fundi saa, nikageuza kiasi cha unywele, likaenda kinyume, nikarudisha nusu ya kiasi hicho, likatulia. Nililitazama kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa, nalo halikutikisika. Siku ya pili adhuhuri, joto likiwa limekaza chumbani, niliiwasha tena, na gurudumu lile lilikuwa linajongea upya, taratibu kama akrabu ya saa.