Sauti Tuliyompa Dainosaria

Katika filamu ya Jurassic Park ya mwaka 1993, usiku unaingia na brakiosaria, dainosaria wenye shingo ndefu, wanaanza kuitana, vichwa vikiwa juu ya miti. Mlio wao ni mzito na wa taratibu, karibu uwe wimbo. Ndani ya wimbo ule yumo punda, ndugu wa huyu tunayemsikia kila alfajiri kwenye vichochoro vya Lamu. Fundi wa sauti Gary Rydstrom alichukua mlio wa punda, akaupunguza kasi, akauchanganya na sauti za nyangumi. Kule kupanda na kushuka kunakotuchekesha kukageuka uimbaji.

Ilibidi iwe hivyo, maana mifupa hugeuka jiwe, lakini koo huoza. Kila ngurumo ya dainosaria tuliyowahi kuisikia ni kazi ya mikono ya watu.

Mwanzoni dainosaria wa sinema walikuwa mabubu. Mwaka 1914 Mmarekani Winsor McCay alimchora Gertie, kisha akawa anasimama jukwaani kando ya skrini, mjeledi mkononi, akimwamrisha ainame au ainue mguu. Sauti pekee ilikuwa ya bwana wake. Filamu ya The Lost World ya mwaka 1925 nayo ilikuwa bubu. Sauti ilipokwisha kuingia kwenye filamu, Murray Spivack alimtafutia mngurumo sokwe wa King Kong ya mwaka 1933, aliyepigana na dainosaria kisiwani. Alirekodi simba na chui milia, akacheza kanda kinyumenyume na kwa kasi ndogo.

Japani ilipita njia nyingine. Mwaka 1954, dubwana Godzilla alipoamshwa na mabomu ya nyuklia, sauti za wanyama hazikutosha. Mtunzi wa muziki Akira Ifukube akageukia ala ya muziki. Nyuzi za besi kubwa zililegezwa, zikasuguliwa kwa glavu ya ngozi iliyopakwa utomvu wa msonobari, na ule mkwaruzo ukapunguzwa kasi. Nyuzi za muziki zikabeba kilio cha taifa lililokuwa limeshuhudia Hiroshima na Nagasaki.

Rydstrom alirithi mbinu za namna hiyo. Ngurumo ya T. rex wake ilitokana na kilio cha mtoto wa tembo, ikaongezwa chui milia na mamba. Katika filamu hiyohiyo, hata yale mawimbi ya duara kwenye glasi ya maji, yanayotangaza kishindo cha nyayo, yalitoka kwenye uzi wa gitaa uliofungwa chini ya gari na kuchezwa kwa kidole. Filamu ile ilipata Oscar mbili za sauti.

Wanasayansi nao wanasikiliza. Mwaka 1997, watafiti wa New Mexico walitumia kompyuta kupuliza hewa katika mfano wa mirija iliyomo kwenye kishungi cha dainosaria parasaurolofu, wakapata mlio mzito kama wa tarumbeta. Wengine, wakiwachunguza ndege na mamba, walio jamaa wa dainosaria, wanaona huenda wengi wao hawakunguruma kwa kinywa wazi. Huenda walivuma kwa mdomo uliofungwa, kama mbuni dume anavyojaza hewa shingoni.

Na yule brakiosaria anayeimba? Umbo lake tunalolijua sote limechorwa zaidi kutokana na mjusi mkubwa wa Tendaguru, mkoani Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913, chini ya utawala wa Wajerumani, mamia ya watu wetu walimchimba, wakabeba mifupa kichwani na mabegani mwendo wa siku kadhaa hadi bandarini Lindi. Msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani. Mwaka 1937 mifupa ile ilisimamishwa Berlin, na leo inapita mita 13 kwenda juu.

Filamu ikiisha, majina ya mafundi wa sauti hupita kwenye skrini, nao wanastahili. Jina la Boheti halimo. Basi siku mtoto wako atakapousikia ule wimbo wa usiku akauliza ni wa nani, mwambie ukweli wote: sauti ni ya punda na nyangumi, na mwili ulitoka Lindi, kichwani mwa wapagazi.