Ushuhuda wa manusura wa Kilwa (Ziwa Mweru)

Ushuhuda wa manusura wa Kilwa ni maelezo ya wakazi wa mji wa Kilwa, kwenye mwambao wa Kongo wa Ziwa Mweru, kuhusu mauaji ya Oktoba 2004. Sehemu kubwa ya maelezo hayo imehifadhiwa katika ripoti za uchunguzi na majalada ya kesi. Makala haya yanayapima kwa fasihi ya manusura wa Maangamizi ya Wayahudi barani Ulaya, ambayo ndiyo iliyosomwa na kujadiliwa kuliko nyingine zote za aina yake.

Mahali

Si Kilwa ya pwani ya Tanzania. Mji huu uko katika uliokuwa Mkoa wa Katanga. Kisiwa cha Kilwa, kilicho karibu na mwambao huohuo, ni cha Zambia, na ng'ambo ya ziwa ni Nchelenge katika Mkoa wa Luapula. Kibemba na Kiswahili husikika pande zote mbili.

Tukio na kesi

Tarehe 14 Oktoba 2004 kikundi kidogo cha waasi kiliuteka mji. Kesho yake askari wa Brigedi ya 62 ya jeshi la Kongo, chini ya Kanali Adémar Ilunga, waliukomboa bila kukutana na upinzani mkubwa. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walihesabu zaidi ya watu 70 waliokufa, wakiwemo wasiopungua 28 wanaoaminika kuuawa pasipo kufikishwa mbele ya hakimu yeyote. Baadhi ya maiti zilifukiwa Nsensele, nje ya mji. Magari na ndege za Anvil Mining, kampuni iliyokuwa ikichimba shaba na fedha huko Dikulushi, zilitumika katika operesheni hiyo. Kampuni ilieleza kuwa jeshi lilizichukua kwa amri. Juni 2007 mahakama ya kijeshi ya Lubumbashi iliwaachia washtakiwa kuhusu mauaji ya Kilwa, wakiwemo wafanyakazi watatu wa Anvil, kwa hoja kwamba waliokufa walikufa katika mapigano. Louise Arbour, wakati huo Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa, aliikosoa hukumu hiyo hadharani. Kesi ya madai iliyofunguliwa Quebec dhidi ya Anvil ilikwama mwaka 2012 kwa sababu ya mamlaka ya mahakama, na kiini chake hakikusikilizwa.

Namna ya kuusoma

Jalada la kesi ni msomaji mwenye haraka. Humuuliza shahidi aliyefyatua risasi alikuwa nani, gari lilikuwa la rangi gani, maiti zilikuwa ngapi. Akianza kueleza mengine, wakili humrudisha kwenye swali. Ndiyo kazi ya mahakama, wala si kosa lake. Kasoro huanza pale jalada linapochukuliwa kuwa ndio ushuhuda wote, kwa sababu hapo hukumu inayomwachia mshtakiwa huonekana imemwambia manusura kuwa ni mwongo. Vitabu vya Maangamizi vinaonyesha kwamba mambo hayo mawili yanaweza kutenganishwa. Primo Levi, mkemia wa Turin aliyetoka hai Auschwitz, aliandika kuhusu bei ya mkate kambini, viatu visivyotosha mguu, na mfungwa aliyepotea kwa kutoelewa amri ya Kijerumani. Hakuna mwendesha mashtaka ambaye angehitaji habari za viatu. Lakini msomaji anayejua kwamba kidonda cha mguu kilimfikisha mtu kwenye kundi la wanaopelekwa kufa ameelewa jinsi kambi ilivyoua, na hilo halipatikani katika orodha ya waliokufa.

Wapo wanaopinga mlinganisho huu tangu mwanzo: Wayahudi milioni sita waliuawa kwa mpango wa dola nzima, na Kilwa ni mji mmoja uliopigwa siku chache. Pingamizi hilo ni la haki likilenga ukubwa au nia, na mwandishi atakayeyaita matukio hayo mamoja atakuwa amekosea pande zote mbili. Kinacholinganishwa hapa ni usomaji. Kituo cha Kumbukumbu cha Kigali, kilichofunguliwa Aprili 2004, kina ukumbi unaoeleza Maangamizi na mauaji mengine ya kimbari pamoja na ya Rwanda, na hakuna mgeni makini anayetoka humo akidhani yote yalikuwa na ukubwa mmoja.

Pingamizi zito zaidi ni la kumbukumbu. Hesabu za waliokufa Kilwa hutofautiana kadiri ya msemaji, na mtetezi hodari huweza kuuangusha ushahidi wote kwa tofauti hiyo. Mfano unaojulikana ni ule uliosimuliwa na Dori Laub, daktari wa magonjwa ya akili aliyehamishwa kwa nguvu utotoni na baadaye kushiriki kuanzisha hifadhi ya ushuhuda wa video. Mwanamke mmoja alieleza kwamba wafungwa wa Auschwitz walipoasi Oktoba 1944 aliona mabomba manne ya kutolea moshi yakilipuka. Lililolipuka ni moja, na wanahistoria walitaka maelezo yake yawekwe kando. Laub alisema mwanamke huyo alikuwa akishuhudia jambo ambalo hakuna aliyetazamia kuliona mahali pale, yaani wafungwa kuinua mikono dhidi ya walinzi. Kwa idadi, msomaji awategemee wahesabuji; kwa habari ya kilichowezekana na kilichoogopwa, amsikilize aliyekuwepo. Anayeisoma Kilwa kwa kanuni hiyo hatapoteza chochote kwa kukubali kwamba tarakimu fulani ina utata.

Husemwa pia kwamba kitabu hakimfungi mtu. Ni kweli, ila kesi za Kilwa nazo hazikumfunga mtu kwa mauaji hayo, na kitabu kina faida ya kungoja. Kile cha Levi kilikataliwa na shirika la uchapishaji la Einaudi, kikatolewa na mchapaji mdogo mwaka 1947 kwa nakala 2,500, kikasahauliwa, hadi Einaudi yenyewe ilipokichapa upya mwaka 1958. Elie Wiesel, manusura mwingine wa Auschwitz, alianza kwa Kiyidi, Buenos Aires, mwaka 1956, kwa wasomaji waliokuwa wenyeji wa msiba wenyewe. Kifaransa kilifuata miaka miwili baadaye. Ushuhuda wa Kilwa ulipita njia ya kinyume: watu wa Kiswahili na Kibemba walihojiwa, maneno yao yakawekwa katika Kifaransa na Kiingereza kwa ajili ya mahakama za Lubumbashi na Montreal na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Banjul. Mvuvi wa Nchelenge anayetaka kujua yaliyotokea ng'ambo hana budi kusoma lugha ya mawakili, tena katika nyaraka ambazo hakuandikiwa yeye.

Hali ya sasa

Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu imeikuta serikali ya Kongo na hatia na kuamuru fidia ya dola milioni 2.5 kwa waathirika wanane na familia zao, kuombwa radhi kwa wakazi, kufukuliwa na kuzikwa upya kwa heshima waliotupwa kaburini kwa pamoja, na kujengwa kwa mnara wa kumbukumbu. Uchapishaji wa maelezo ya manusura haukuwa miongoni mwa maagizo makuu.