Safari Yetu ya Rabai: Tuliyojifunza Makaburini

Kabla ya kuanza mazoezi ya Jubilei hii, sisi wanakwaya tulikubaliana twende kwanza tukaone mahali wamisionari wa CMS walipoanzia kazi katika pwani yetu.

Tulianzia Nyali, kwenye kaburi la Rosine Krapf. Yeye na mumewe, Johann Ludwig Krapf, walifika Mombasa mwaka 1844. Julai ya mwaka huo huo Rosine alifariki siku chache baada ya kujifungua, na mtoto wao wa kike naye akafa. Krapf hakukata tamaa. Mwaka 1846 yeye na Johannes Rebmann walihamia Rabai.

Tulipitia Kengeleni, ilipo kengele ya Frere Town, makazi ya watumwa waliokombolewa yaliyoanzishwa mwaka 1875. Kengele hiyo ililia kuwaonya watu dhidi ya wafanyabiashara wa watumwa. Basi lote lilinyamaza, hata sauti ya nne.

Rabai tuliingia Kanisa la Mtakatifu Paulo, lililojengwa mwaka 1887, tukaimba wimbo mmoja bila kinanda. Mwanzo wa kazi hapa ulikuwa mgumu. Miaka ilipita kabla ya kupatikana mwamini wa kwanza, Mringe, mtu mlemavu aliyebatizwa akiwa karibu kufa. Baadaye watumwa wengi waliotoroka walikimbilia Rabai. Tarehe 1 Januari 1889, zaidi ya watu 1,400 waliokuwa katika vituo vya misheni vya pwani walipewa hati za uhuru.

Kisha tukazunguka makaburini. Mengine yana mawe yenye majina. Mengine hayana alama yoyote. Mama mmoja wa sauti ya kwanza, aliyekuwapo tangu kwaya ianze, akauliza, "Na wetu je, nani anawakumbuka?"

Tukiwa njiani kurudi tulianza kuwataja wenzetu waliotangulia kwa Bwana. Tulipata majina kumi na saba, na mawili tukabishania. Daftari la kwanza la kwaya lilipotea zamani, na hakuna aliyejali kuandika jingine.

Ndiyo maana leo kuna daftari jipya mezani, karibu na mlango wa kanisa. Ukimkumbuka yeyote aliyeimba nasi, hata kama hayumo katika picha yoyote, tafadhali andika jina lake kabla hujaondoka. Tutayasoma yote kwa sauti kabla ya wimbo wa mwisho.